Mji wa Plaiwudi

Maili chache kutoka Thetford, penye misonobari na kondoo,
wamejenga mji ambao hakuna aliyezaliwa ndani yake.
Msikiti wa plaiwudi, soko la makontena,
matikiti ya plastiki yaliyochujuka kwa mvua ya Norfolk,
na kaseti ya adhana isiyojua saa.

Kila Jumanne basi hutuokota Norwich, nyuma ya duka la mazulia:
Rashad wa Basra, aliyekuwa fundi wa meno,
Zarmina na dada yake, wasiozungumza mpaka wamalize chai,
na mimi, mjukuu wa Nduta wa Bahati, Nairobi,
mlinzi wa usiku mwisho wa juma, raia wa bandia katikati yake.
Pauni themanini na tano kwa siku. Supu ya bure.

Nimepewa kadi. Kadi inasema:
Wewe ni mke wa mwoka mikate, nyumba namba 31.
Huwapendi wageni, wala huwachukii.
Ukiulizwa mara ya kwanza, hujui. Mara ya pili, lia.
Mara ya tatu, taja mtaa.

Meja Colquhoun anafundisha kwa kijiti.
Mji, anasema, haushikwi kwa mizinga,
unashikwa kwa daftari.
Kwanza zungusha waya. Kisha gawa vipande.
Kila mlango namba, kila namba majina,
kila jina uso, kila uso saa yake ya kulala.
Tengeneza bomba la maji kabla hujavunja mlango;
anayekunywa maji yako atasita kukutemea mate.
Anza na mtaa mmoja, uwe doa la mafuta kwenye karatasi:
litatanda lenyewe, polepole,
mpaka karatasi nzima ipitishe nuru.
Vijana wanaandika. Mmoja ana chunusi shingoni.
Anachora doa pembeni mwa ukurasa, analipaka wino vizuri.

Nisiwasingizie: ni watu wa adabu.
Hufuta viatu wakiingia kupekua.
Yule wa chunusi aliniuliza jina langu la kweli,
akalirudia mara mbili, akalisahau.

Wiki ya tatu, somo la utambuzi.
Sajini akaleta gunia. Gunia jipya, linanuka duka,
matundu mawili yamekatwa kwa mkasi, yakapindwa kwa uzi
yasije yakafumuka.
"Leo wewe ni mwenyeji anayetusaidia.
Wanaume watapita mbele yako. Wa tatu, inamisha kichwa."

Bibi Nduta alikuwa akichambua maharagwe aliponisimulia.
Aprili ile malori yaliingia Bahati kabla ya jogoo.
Wanaume wakachuchumalishwa barabarani, mikono kisogoni,
na mtu wa gunia ameketi kitini kama bwana harusi.
Hasemi. Kichwa kikiinama, lori la kushoto.
Kaka yake, Karuga, alikwenda kushoto.
Manyani ilimmeza, ikarudisha koti.
"Gunia halina macho," alisema bibi, "lina matundu.
Macho ni ya mtu wetu. Mimi viatu vyake nilivijua."

Alivijua viatu. Mwenye viatu hakumtaja.
Waliuza mkaa mlango kwa mlango miaka ishirini.

Ndani ya gunia kuna joto; pumzi yako inakurudia.
Mji unakuwa miduara miwili.
Wanaume wakapita, nikahesabu.
Nikainamisha kichwa.
Wakamshika Rashad mabegani, taratibu, kama walivyofundishwa,
wakampeleka nyuma ya kontena,
wakampa chai na biskuti mbili.

Jioni ripoti ikasomwa: mji umetulia.
Mitaa mitano kijani, mmoja njano. Makofi.

Kwenye basi Rashad hakukaa kiti chake cha siku zote.
Tulipokaribia Wymondham akanigeukia.
"Mbona mimi?"
Kadi, nikamwambia. Kadi ilisema wa tatu.
Akafuta ukungu wa kioo kwa mkono wa koti,
akatazama nje, ambako hapakuwa na kitu.
"Nilikuwa wa nne," akasema.

Nikavuta miguu yangu,
nikaficha viatu chini ya kiti.